Kanda Tatu za Jangwani

Jumanne ya tarehe 20 Desemba 2011, Dar es Salaam iliamkia mafuriko. Bonde la Msimbazi lilifurika, na kule Jangwani watu walipanda juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Nilikuwa mhariri wa picha katika kituo kimoja cha televisheni, mwaka wangu wa pili kazini.

Saa kumi na moja jioni dereva alileta kamera pamoja na kanda tatu ndogo za video, za mini DV, ndani ya mfuko wa rambo. Mpiga picha alikuwa ameziandika kwa peni. Mvua ilifuta maandishi yote, yakabaki madoa ya bluu.

Taarifa ya habari ilikuwa saa mbili usiku. Kanda za aina ile huingia kwenye kompyuta kwa mwendo wake: ukirekodi saa nzima, utasubiri saa nzima. Muda wa kuingiza zote haukuwepo. Nikachukua daftari, nikawa nazipeleka mbele kwa kasi huku naandika taimukodi, yaani namba zinazoonyesha picha iko wapi kwenye kanda, na kilichomo: daraja, mwanamume na godoro kichwani, boti ya uokoaji. Wengi huiona kazi ya karani. Mimi naiheshimu kuliko kukata picha kwenyewe.

Mwandishi wetu alikuwa amerudi mapema kuandika skripti. Ilianza na sauti ya mama aliyevaa kanga nyekundu ya korosho, akilia kwamba mwanawe haonekani tangu alfajiri. Nikaiandika. Kwenye kanda nyingine nikaiona kanga ileile, pindo limechanika palepale, imemfunika mtoto wa miaka kama minne anayetafuna andazi kwa mikono miwili. Nikarudisha nyuma. Aliyempakata ni mama yuleyule.

"Dada, hebu njoo uone."

Mwandishi alisimama nyuma yangu, kimya. Kisha akauliza, "Hapa amempata, au ndiyo kabla hajampotea?"

Sikuwa na jibu. Taimukodi ya kila kanda ilianzia sifuri, na simu ya mpiga picha ilikuwa imezimika. Mhariri mkongwe, ambaye sote tulimwita Babu, akasogea. "Irudisheni kanda kwenye kamera. Inatunza saa ya kila picha."

Tukabonyeza. Kilio: 10:40. Andazi: 14:12. Nikalinganisha saa ya kamera na ya ukutani, zikapishana dakika tatu tu. Dada akakaa chini, akaanza skripti upya, machozi yakimtoka. Mimi nikaingiza vipande nilivyokuwa nimeviandika, kwa mpangilio wa saa zake, na tukamaliza zikiwa zimebaki dakika sita.

Saa tatu kasoro mpiga picha alipiga simu. Hakusalimia.

"Yule mama, mmemwonyesha na mtoto?"

"Tumemwonyesha, kaka."

Nilimsikia akishusha pumzi.