Bawaba ndo inauongoza mti

Mwezi wa kwanza mzima mzee aliyenifundisha kuangusha miti hakuniruhusu hata kuwasha chenso (msumeno wa injini wenye mnyororo). Kazi yangu ilikuwa kuuzunguka mti halafu namwambia nimeona nini, umeegemea wapi, matawi mazito yako upande gani, kuna uyoga pale chini kwenye mizizi? (uyoga hapo mara nyingi maana yake ndani kumeshaoza), na juu je, kuna tawi kavu limenasa? Hilo la mwisho alikuwa mkali nalo balaa, kwa sababu shina likitikisika kidogo tu tawi linashuka, na wewe umeinama unakata, huna habari.

Halafu ndo tukaja kwenye kukata. Unafungua mdomo, yaani unatoa kipande cha umbo la kabari, upande unaotaka mti uangukie, kina kama robo ya unene wa shina hivi, kisha unaingia kwa nyuma ila HUMALIZI, unabakiza kipande katikati, hicho ndo bawaba, kama asilimia 10 ya kipenyo, yaani mti wa sentimita 40 unaacha sentimita 4 na ziwe sawa pande zote mbili. Mimi siku moja nilikula upande mmoja zaidi, mti ukavutwa kwenda upande ule uliobaki mnene, ukalala mbali kabisa na pale tulipopanga. Hakuna aliyeumia kwa sababu wenzangu walikuwa wamesimama mbali, zaidi ya urefu wa mti mara mbili, na mimi njia yangu ya kutokea nilishaifyeka kabla, nyuma kwa mshazari. Usiku ule sikulala vizuri kusema kweli.

Mti ulioegemea sana ndo naouogopa mpaka leo. Ukiukata kwa nyuma kama kawaida shina linaweza kupasuka wima na kile kipande kikakurukia usoni, kwa hiyo mafundi wanatoboa katikati kwanza, wanatengeneza bawaba, nyuma wanaacha kipande kinachoushikilia mti, kile kinakatwa mwisho kabisa.

Kupanda juu ya mti nako kuna sheria zake. Ukiwa juu na chenso unajifunga sehemu mbili, maana ule mnyororo ukigusa kamba hata kidogo tu imekatika. Na viatu vya miiba ya chuma ni kwa mti unaokwenda kuangushwa tu, ukipandia mti unaopunguzwa matawi unauachia vidonda ambavyo wadudu na ukungu wanaingilia, hapo sikubaliani kabisa na wanaosema eti mti hausikii.

Jana nimezunguka mti mmoja karibu nusu saa, nikaona tawi kavu limejificha nyuma ya majani, juu kabisa. Nikaweka chenso chini nikamwita mzee, akaangalia, akaenda kuchukua kamba.