Yangeyange mwenye mlingoti kichwani

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha za ndege hapa Bagamoyo nilijaza kadi kwa yangeyange, na wengi wao niliona haya kumwonyesha mtu. Siku nilipojipa moyo, dada yangu aliitazama ile niliyoiona kali kuliko zote, akauliza, "Mbona huyu kachomekwa mti kichwani?"

Ulikuwa mlingoti wa mashua iliyotia nanga nyuma. Wallahi sikuuona. Macho yangu yalikuwa kwa ndege tu, ila kamera haina mapenzi: ilichukua na mlingoti, na chupa ya plastiki, na kipande cha wavu.

Nikadhani dawa ni kufungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/5.6 kwenye lenzi yangu ya milimita 300, ili vya nyuma vipotelee kwenye ukungu. Ilisaidia kidogo. Mashua nyeupe hata ikififia inabaki doa jeupe, na jicho hukimbilia peupe. Tena nilikuwa napiga nimesimama, kwa hiyo nyuma ya ndege palikuwa tope lilelile alilokanyaga. Kitu kilichomkaribia ndege namna hiyo hakifichiki, fungua lenzi upendavyo.

Nikalala kifudifudi. Kamera ikiwa shibiri moja tu kutoka chini, nyuma ya ndege hapana tope tena. Inakuja mikoko ya ng'ambo, mita 50 huko, imelainika haina jani wala tawi. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka pwani akanisimamia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeanguka?"

Siku hizi simfukuzi ndege. Natafuta nyuma kwanza. Nina kona moja ya mkondo ambapo mikoko ya ng'ambo inaingia kivulini mapema, na maji ya mbele bado yanapigwa jua. Nafika maji yakianza kupwa, nalala, nangoja. Siku za bamvua siendi, maji yanakimbia mbali na ndege wanayafuata. Maji mafu, yanapopwa kidogo tu, ndiyo yangu. Giza lile la nyuma lina hila yake: kamera inadhani mwanga hautoshi, inauongeza, manyoya meupe yanaungua yote, yanabaki weupe mtupu. Basi naishusha kamera mwanga kwa hatua moja, pengine moja na nusu, mpaka nione mistari ya manyoya.

Mara tatu nilirudi na tope tu. Ya nne, yangeyange mmoja akaja mwenyewe hadi nilipokuwa nimelenga. Akainua mguu mweusi wenye vidole vya njano, akautikisatikisa majini kuwashtua samaki, shingo kaipinda, matone yanaanguka. Nyuma yake hakuna kitu, weusi mtupu.

Dada alipoiona aliuliza kile kitambaa cheusi nilikitundika wapi.