Netiweki nyumbani kwa mama Lushoto: tulipofikia mpaka sasa

Naandika hapa nisije nikasahau vipimo, na kama kuna mtu nyumba yao iko bondeni kama ya kwetu basi itamsaidia. Nyumba ya mama iko chini kabisa ya mteremko, upande wa Lushoto, bati juu, ukuta wa tofali za kuchoma, mbele mikaratusi mirefu na kilima kimekaa katikati yetu na mnara. Mama akitaka kuongea na simu anapanda mpaka kwenye jiwe juu ya shamba la maharage, mvua inyeshe isinyeshe, na mwaka huu magoti yanamsumbua, ndo maana likizo yangu yote nimeileta huku.

Wikiendi ya kwanza sikununua kitu, nlizunguka na simu napima tu. Android nyingi ukibonyeza *#*#4636#*#* inafunguka sehemu yenye namba ya dBm, yaani kipimo cha nguvu ya netiweki, hiyo ndo ya kuangalia, vile vijiti vya juu kila simu inavichora inavyojua yenyewe. Namba ni ya hasi, ikisogea kuelekea sifuri ndo nzuri, na kila ukipanda 10 ni nguvu mara kumi. Sebuleni nilipata -121, chumbani kwa mama -119, mlangoni -112, uani -105. Halafu nikafunga simu kwenye ncha ya mwanzi mrefu, nikawasha programu inayorekodi yenyewe, nikauinua kama mita 6 pembeni ya nyumba. -94! Yaani toka sebuleni mpaka juu ya mwanzi ni tofauti ya 27, karibu mara 500. Miaka yote hiyo netiweki ilikuwa inapita juu yetu, bati, ukuta na kukaa kwetu chini ndo vinaizuia.

Fundi mmoja alinishauri ninunue busta, kile kifaa cha kukuza netiweki, ya bei rahisi. Nimekataa, kwa sababu busta ikifungwa vibaya antena yake ya ndani na ya nje zinasikilizana, inaanza kuzunguka na kelele zake yenyewe mpaka inasumbua mnara na majirani wanakosa hata hicho kidogo, na vifaa vya hivyo vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Sitaki mama apate simu jirani akose.

Kwahiyo nikachukua raota ya laini yenye matundu mawili ya antena na antena ya kuelekeza. Bomba la mita 6 tumelichimbia mimi na mdogo wangu nyuma ya jiko. Mwanzoni raota niliiacha sebuleni nikavuta waya mwembamba wa RG58 mita 10, ikasoma -95, nikashangaa mbona antena yote hii inalingana na simu juu ya mwanzi. Kumbe waya ndo unakula. Kwenye masafa ya 1800 MHz mita 10 za waya ule zinapoteza kama dB 7 au 8, yaani zaidi ya robo tatu ya nguvu inaishia njiani. Nikahamishia raota kwenye boksi la plastiki palepale kwenye bomba, waya wa antena ukabaki mita 1, na ndani nikaingiza waya wa kawaida wa netiweki ya kompyuta (Ethernet) ambao unafika hata mita 100 bila shida na umeme wa raota unapanda humohumo. Ikasoma -88.

Kilichonichukua muda kuliko vyote ni kuielekeza antena. Nilitumia Jumamosi nzima, mdogo wangu anazungusha kidogo kidogo mimi nasoma namba. Kuelekea mnara wa karibu nguvu ilikuwa -88 ila spidi haivuki Mbps 3, halafu tulipoigeuza kuelekea upenyo wa bonde ikashuka -93, nikataka kumwambia airudishe, nikapima spidi kwanza ikaja 14. Namba ya SINR, inayoonyesha usafi wa netiweki, ilitoka 2 ikaenda 13. Upande ule wa kwanza netiweki ilikuwa na nguvu lakini chafu, minara inaingiliana. Kwahiyo wewe unayefunga usiangalie nguvu peke yake, angalia na usafi, na pima saa za jioni watu wote wakiwa hewani.

Maungio yote nimeyazungushia tepu ya mpira, waya nimeuachia kitanzi chini kabla haujaingia ndani ili maji ya mvua yadondokee pale, na bomba limeunganishwa na chuma cha ardhini maana radi za huku si za kuchezea. Bado kuna siku mawingu yakinguruma namwambia mama achomoe kabisa.

Waifai ndani iko vizuri, ile ya masafa ya 2.4 GHz ndo inayofika chumbani, ya 5 GHz inaishia koridoni.

Kilichobaki ni kikubwa. Mama anatumia kitochi, na kitochi hakijui waifai. Jana wajukuu wamempigia video kwenye simu yangu akaongea nusu saa amekaa kwenye kiti chake, lakini nikiondoka Jumatatu na simu yangu inaondoka. Natafuta ile simu ya mezani ya kuweka laini yenye tundu la antena ya nje, vitufe vikubwa, anyanyue tu mkono wa simu aongee. Nikiipata bomba la pili litasimama upande wa chumba chake, shimo nimeshalichimba.