Matope, chombezo na mkono wa tatu

Mashindano yangu ya kwanza ya baiskeli za matopeni yaliishia mzunguko wa tatu, nimekaa dimbwini, kile kichuma cha nyuma kinachohamisha cheni kimeingia kwenye spoku. Usiku huohuo, tope bado sikioni, nilifungua mswada wa chombezo langu la kwanza nikakuta nao umekwama: watu wazima wawili, hamu wanayo, chumba kina ufunguo, na mimi mwandishi sijui niwapeleke wapi. Imenichukua misimu minne kupata nafuu kwa mambo yote mawili. Kwa kuwa nafuu ya hili ilitokana na lile, nitayasimulia kwa pamoja.

Mchezo unaitwa saiklokrosi. Si wa jana. Ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1950 mjini Paris, akashinda Jean Robic, yuleyule aliyetwaa Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli za barabarani, ya 1947. Mnazunguka njia ya kilomita 2.5 hadi 3.5 yenye nyasi, mchanga, tope, vilima vifupi vya kukera, na mbao za kuruka zenye kimo cha hadi sentimita 40. Mabingwa hukimbia karibu saa nzima. Sisi wa daraja la chini dakika 40 na ushee zinatosha kabisa kujuta. Kwenye mbio za kimataifa tairi haliruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33, kwa hiyo usidhani utalifunga dude la pikipiki ukaponea hapo. Kuna mahali lazima ushuke, utie fremu begani, ukimbie.

Nilianza na makosa ya kawaida. Nilijaza upepo kama mtu anayekwenda barabarani, nikawa nateleza kila kona. Siku hizi nashusha mpaka bar 1.7 hivi, tairi likibonyezwa kwa dole gumba linaitika. Nilidhani pia tope ni tope. Kumbe lile la majimaji ni rafiki, linakurukia usoni na kwenda zake. La kuogopa ni lile lililoanza kukauka, mfinyanzi uliochanganyika na majani. Linashika tairi, linajaa kwenye uma unaoshika gurudumu, linaganda kwenye breki, na baada ya nusu mzunguko unaburuta ukuta. Wenye uwezo wana baiskeli mbili: moja wanaiendesha, nyingine mtu anawaoshea pale kwenye kituo cha kubadilishia. Mimi nina moja na kidole cha kukwangulia.

Ila kosa lililonitesa ni kukataa kushuka. Niliona kushuka ni kushindwa. Naingia kwenye kilima cha utelezi, nakanyaga, nakanyaga, gurudumu la nyuma linasaga bila kwenda, baiskeli inasimama, na hapo ndipo nashuka, tena kwa ubavu. Wenzangu walioshuka hatua kumi nyuma, mwendo bado wanao, wananipita wakikimbia kama wanaowahi basi. Mama mmoja aliyenifanyia hivyo mizunguko yote alinijia baada ya mbio, akanitazama nilivyotapakaa, akasema, "Mwanangu, shuka wakati baiskeli bado ni yako."

Basi nikaenda kujifunza kushuka. Mara mbili kwa wiki, nusu saa, kwenye nyasi tupu. Mguu wa kulia unapita juu ya kiti baiskeli ikiwa inatembea, mkono wa kulia unashika fremu, mguu wa kushoto unachomoka kwenye pedali sekunde ileile wa kulia unapogusa ardhi, na tayari unakimbia. Kupanda tena ni kuruka na kutua kwa paja la ndani. Si pale pengine. Somo hilo nililielewa mara moja tu.

Sasa chombezo. Watu hudhani shida ya kuandika mahaba ya kitandani ni aibu. Aibu huisha ukurasa wa pili. Shida ni maneno. Ukitumia uume na uke, mara moja mko kliniki, muuguzi anakaribia kuingia. Ukitumia ya mtaani, ni matusi, na msomaji aliyekuwa ameegemea mto anakaa wima. Ukikimbilia tafsida, balaa lake ni jingine: rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na maembe, asali, mgomba, kisima na bustani, mpaka wale wawili wakaonekana wanapendana juu ya meza ya soko.

Halafu kuna suala la nani ni nani. Lugha yetu haijali jinsia kwenye kitenzi, jambo ninalolipenda siku zote isipokuwa saa hiyo. Niliandika hivi: "Alimgeukia, akamshika mkono wake, akauweka kifuani mwake, akamvuta kwa mkono wake mwingine." Dada mmoja anayenisomea miswada akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Kaka, huu mkono wa tatu ni wa nani?" Nilikaa sakafuni nikijaribu kuigiza, mimi na mto. Kweli mkono ulizidi.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa kusimulia kwa nafsi ya kwanza. "Nikamgeukia, akanishika." Utata umekwisha papo hapo, kwa sababu ni- na a- hawawezi kuchanganywa. Lakini ndugu na jamaa wakaanza kunitazama kwa jicho jipya, na shemeji yangu mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile sura ya saba ilitokea kweli. Nikarudi kwenye nafsi ya tatu.

Kilichonisaidia zaidi kilikuwa ndani ya lugha yenyewe, kimelala. Kile kiambishi cha kutendana. Wakashikana. Wakasogeleana. Wakavuana viatu. Hakuna anayeuliza ni nani alianza, na isitoshe neno lenyewe lina ridhaa ndani yake. "Alimvua" ni kitendo cha mtu mmoja, "wakavuana" ni makubaliano. Nikajilazimisha pia kupunguza -ka-. Akaja, akavua, akalala, akalia: hiyo ni taarifa ya polisi, au mtu aliyefyatuka mstari wa kuanzia kana kwamba mbio ni za dakika mbili. Nikahamia kwenye -ki-. Akifungua kifungo cha pili, akisikiliza. Tendo halijaisha, msomaji hana pa kukimbilia.

Na maneno yale mazito? Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama. Nilikuwa navamia kilima kilekile nikiwa juu ya baiskeli, nasukuma sentensi ndefu kuelekea neno ambalo najua halipandiki, nasimama katikati, naanguka na embe mkononi. Sasa nashuka mapema. Nikiona neno linakuja ambalo litanichagulia kati ya kliniki na matusi, naacha kulifuata, nakwenda kwa miguu: kisogo, kiwiko, unyayo, mstari ulioachwa na mkanda kiunoni. Hayo hayana tafsida wala hayaihitaji. Wakati mwingine nakata sura kabisa, nafungulia dirisha la asubuhi. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba nawaibia. Siwalaumu, ila wakijaribu wenyewe kuandika zile kurasa tatu wataniletea samahani.

Sura iliyopokelewa vizuri kuliko zote haikutoka kichwani. Ilitoka kwenye mbio za mwisho wa msimu, siku ya baridi kali na mvua ya kulala. Nilimaliza wa ishirini na kitu, mara yangu ya kwanza kumaliza bila kupitwa mzunguko mzima. Vidole vilikuwa vimekufa. Nilihangaika na kifungo cha helmeti chini ya kidevu na hakikufunguka. Nilikuwa nakiona kwa ncha za vidole kama kitu cha mtu mwingine. Mshindani aliyemaliza mbele yangu, simjui jina mpaka leo, akavua glovu kwa meno, akaniinua kidevu, akakwangua tope kwa ukucha, akabonyeza. Tak. Hakusema neno. Akaenda zake kutafuta baiskeli yake, na mimi nikabaki nimeinua kidevu vilevile kwa muda usioelezeka.

Nikawapa wahusika wangu dakika hiyo. Watu wa miaka thelathini na kitu, wamechukiana msimu mzima, wamelowa, kila mmoja hawezi kufungua vifungo vyake mwenyewe. Basi ikabidi wafunguane. Helmeti, zipu iliyojaa mchanga, glovu. Sikuhitaji tunda hata moja, na kurasa mbili nzima hazikutoka nje ya kidevu na viganja. Niliiandika kwa usiku mmoja, jambo lisilonitokea kabla wala baadaye.

Dada yule aliirudisha siku ya tatu ikiwa safi, mstari mwekundu mmoja tu, karibu na mwisho, pale ambapo wameshajifunika blanketi. "Kaka, imenishika. Lakini hawa watu bado wamevaa njumu."