Pesa ya uzeeni isikae kibubu kimoja na karo

Familia nyingi hapa Mombasa zinaweka akiba vizuri tu, shida ni kwamba zinaitoa. Januari karo, Ramadhani matumizi yanapanda, Idd watoto wanataka nguo, na inayoguswa kwanza ni ya uzeeni.

Pigeni hesabu. Shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi. Zikikaa mahali panapoleta faida ya asilimia 8 kwa mwaka, baada ya miaka 25 mtakuwa mmetia 450,000 na kukuta kama 1,426,000. Mkizitoa zote mwaka wa 10 kununua sofa, wakati zimefika kama 274,000, kisha mkaanza upya, mwisho mtapata kama 519,000 tu. Sofa ya 274,000 imewala 907,000.

Kwa hivyo karo na Idd ziwe na mfuko wake. Jumlisha mahitaji ya mwaka, gawa kwa 12. Mchezo, yaani kuchangiana na kupokezana kwa zamu, unafaa sana kwa hili, na omba zamu yako iangukie Desemba. Kwa uzeeni haufai, kwa sababu unapokea kile kile ulichotoa.

Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anatia kiasi hicho hicho, hadi kiwango kilichowekwa. Angalia akaunti yako kila miezi 3, maana kukatwa si kufikishwa! Fundi, dereva wa boda au muuza mahamri ana Haba Haba, mpango wa akiba wa NSSF, ambao unaanzia shilingi 25 kwa siku. Baada ya kuchangia miaka 5 unaruhusiwa kutoa hadi nusu, lakini kumbuka ile sofa. Anayeepuka riba aulizie mifuko inayofuata sharia, ipo.

Hizo 50 zinatoka jikoni. Mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo kila jioni hukugharimu zaidi kuliko kununua kwa wingi soko la Kongowea. Lakini nunua ya mwezi mmoja, si mitatu: joto na unyevu wa huku huleta fukusi. Weka kwenye ndoo kavu ya kifuniko cha kubana, na usimwage mchele mpya juu ya uliobaki.

Mbaazi kavu loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kilo nzima kwa moto mmoja. Tia tui kwenye fungu la leo tu, kwa kuwa tui huchacha haraka. La kesho likipoa liweke kwenye friji.

Pesa ya uzeeni itumwe siku ile ile mshahara unapoingia, kabla ya sokoni. Na kila mwaka iongezeni. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, cha shilingi 100 leo kitafika kama 339 baada ya miaka 25. Hivyo 50 ya mwaka huu iwe 55 mwakani.