Ghuba ya "matope matupu" imenipa sikio la nyangumi

Kila niliyemuuliza pa kuokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, alinipa jibu lilelile: ghuba ile achana nayo, ni matope matupu, nenda ufuo wa wazi wanakokwenda wenzako. Nikaenda mara nne. Nilichookota ni uchovu, maana nyayo za walionitangulia zilikuwa kila mahali.

Basi nikaingia ghubani. Siku ya kwanza nilijiona fundi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mfupa uliogeuka jiwe hujulikana kwa ulimi: una vitundu vinavyofyonza mate, kwa hiyo hunata. Nikashinda pale nikilamba mawe kama mbuzi aliyepewa chumvi. Na yalinata kweli! Nikajaza begi mpaka mabega yakaniuma, nikafika nyumbani nikayatia yote kwenye ndoo ya maji nikalala kwa furaha. Asubuhi ndoo imejaa uji wa udongo. Kumbe udongo mkavu wa mfinyanzi nao hunata ulimini, tena vizuri kuliko mfupa. Aliyenipa hila ile hakulitaja hilo, na sidhani amewahi kulamba hata kokoto moja. Siku hizi natazama palipovunjika: nikiona vitundu kama vya sifongo, naweka mfukoni.

Kilichonifumbua macho ni changarawe. Maji huchambua vitu kwa uzito na ukubwa. Makombe mepesi ya baharini yanalala mstari wake, vijiwe vizito vyeusi mstari wake. Visukuku vingi vimejaa madini, kwa hiyo hukaa na hivyo vizito. Nikaacha kutembea ghuba nzima, nikawa natafuta ule utepe mweusi tu, chini ya genge linalomeng'enyuka. Napiga magoti asubuhi jua likiwa bado chini, nikilielekea, na jino la papa lenyewe linametameta.

Meno ya papa ndiyo mengi. Papa mmoja hudondosha maelfu maishani mwake, na mifupa yake ni gegedu, huoza. Pingili za samaki nazo huwezi kuzikosea, zimebonyea pande zote mbili kama vikombe viwili vilivyogandishwa matako kwa matako. Meno ya taa, yule samaki bapa, niliyatupa kwa wiki kadhaa! Ni vibapa vyenye mifereji upande mmoja kama kitana, nami nikadhani ni takataka za plastiki.

Halafu lile jiwe. Dogo kuliko ngumi, zito ajabu, limejikunja kama kauri kubwa. Sikujua ni nini, nikalifanya kigingi cha mlango, likakaa hapo miezi miwili likipigwa teke na kila anayepita. Siku moja nikiwa makumbusho nikaona ndugu yake ndani ya kabati la kioo: mfupa wa sikio la nyangumi. Ni mgumu kiasi kwamba hubaki mzima hata fuvu likisagika. Nilirudi nyumbani mbio.

Gharama? Chekecheo na ndoo kuukuu, basi. Ila uliza kwanza sheria ya pale ulipo, kwa sababu nchi nyingi huhesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kuwa mali ya umma; kibali changu kilichukua muda mrefu kuliko kutafuta kwenyewe. Nenda siku za bamvua, baada ya dhoruba, na ugeuke kabla maji hayajageuka. Mimi nilijisahau chini ya genge nikatoka maji yakiwa kiunoni, chekecheo kichwani. Genge lenyewe usilichimbe, litakuangukia. Mfupa uloweke maji baridi yasiyo na chumvi siku kadhaa, ukiyabadilisha, la sivyo chumvi ikikauka ndani itaupasua. Wangu wa kwanza ulipasuka vipande sita. Na uandike ulipookota. Mtaalamu wa makumbusho aliuliza hilo kabla hata ya salamu.

Juzi yule bwana wa "matope matupu" aliliona lile sikio, akataka kujua nimelitoa wapi. Nikamwambia ghubani. Akacheka, akasema kama sitaki kumwonyesha nimwambie tu.