Mwiko wa Bibi

Bibi alikuwa na miche ya milimau kwenye makopo ya rangi, nyuma ya nyumba yetu Bwiru, kivulini mwa jiwe kubwa. Mwaka 1998, nikiwa darasa la nne, kazi yangu ilikuwa kuitoa viwavi kila asubuhi kabla ya shule. Viwavi hao wakiwa wadogo hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, basi kisingizio sikukikosa: "Bibi, sikuwaona."

Uongo mtupu. Niliwaacha makusudi, maana nilijua ndio wanaogeuka vile vipepeo vikubwa vyeusi vyenye madoa ya manjano. Wakikua huwa kijani, na ukiwachokoza kwa kijiti hutoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa, zinanuka kweli. Nilichokoza sana.

Nyigu nilimchukia. Yule mweusi, miguu ya njano, kiuno chembamba kama uzi, anayejenga kwa udongo ukutani. Jumamosi moja nikachukua mwiko jikoni, nikaibandua nyumba yake iliyokuwa juu ya dirisha.

Nilitegemea asali; sijui nani alinidanganya. Nikakuta vijumba vimeshindiliwa buibui. Nikamgusa mmoja, mguu ukacheza. Kumbe wazima! Katika kijumba kingine funza mweupe alikuwa anamla mmojawao taratibu. Nikapiga ukelele.

Bibi akaja, akainama akatazama.

"Umemvunjia mwenzio ghala," akasema. "Nyigu huwachoma buibui mwiba wakalegea, ili wasioze. Anataga yai, anaziba mlango. Mtoto akiangua anakuta chakula."

"Anawala wazima, bibi!"

"Na kipepeo chako? Kinataga kwenye mlimau wangu, kinakwenda zake. Chakula cha watoto wake natoa mimi. Unadhani sijui kwamba unawaona?"

Nikanyamaza. Baadaye shuleni nilifundishwa kwamba wote wawili hupitia yai, lava na pupa kabla ya kuota mabawa, nikaona mwalimu amesahau nusu ya habari.

"Lakini nyigu anauma," nikajitetea.

"Amekuuma?"

Hakuwa ameniuma. Alikuwa amerudi na donge la tope mdomoni, anazungukazunguka penye lile baka ukutani, anatua, anaruka tena.

Bibi akachukua beseni la maji aliyooshea dagaa, akayamwaga kwenye udongo pembeni mwa kibaraza, akaukanyagakanyaga ukalainika.

"Haya, mwiko wangu kauoshe," akasema. "Halafu uje kwenye miche."